Mgeni wa Ivuna Alivyodonolewa Uani Kwetu

Niseme ukweli mapema msije mkaniona mtu mwema: kuku wa kwanza kumdonoa yule mgeni alikuwa wangu. Mweusi tii, mwenye kishungi, jina lake Bosi. Nilijivunia ubabe wake kama wale akina mama ambao mtoto wao anapiga wenzake halafu wanacheka, "Mwanangu ana nguvu huyo!" Lakini habari hii si ya Bosi. Ni habari ya Stamili, jirani yangu wa mlango kwa mlango hapa Sogea, Tunduma, na wiki tatu ambazo nusura zinitoe roho kwa presha.

Stamili ni fundi cherehani. Ni mtu wa Ivuna, kule bondeni Momba, katoka kwenye familia ya wafugaji wa Kisukuma, na ukimsikia anaongea maneno kumi kwa siku ujue siku hiyo kuna sherehe. Mimi naongea hayo kumi kabla sijapiga mswaki. Miaka kumi na mmoja tumepanga uani hapa, yeye chumba na sebule, mimi chumba na sebule, choo kimoja, bomba moja. Mwanawe Josephat alimlea peke yake kwa kukanyaga cherehani, na sasa kijana ni utingo wa malori ya Kongo, anapita na kupiga honi tu pale barabarani kwenye foleni ya mpakani. Stamili akiisikia anainua kichwa, anatabasamu, anarudi kwenye mshono.

Sasa, mama yake Stamili anaitwa Mama Mhoja, na ana utaratibu wake. Kila binti yake akishakuwa na kwake, anampa kuku jike mmoja wa mbegu kutoka bandani kwake Ivuna. Rosemary, mdogo wake Stamili, alipewa mwaka uleule alioolewa huko Mpemba, na sasa kuku wamejaa hadi wanalala juu ya paa la jiko. Stamili hakuwahi kupewa. Mama Mhoja alikuwa akisema, "Aliyepanga hana nyumba, ana chumba. Kuku wangu simweki chumbani." Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema mvua imechelewa, lakini Stamili aliponisimulia siku moja macho yake yalikuwa sakafuni.

Basi mwaka huu, baada ya mavuno, Stamili alienda Ivuna na akapata ujasiri sijui wa wapi. Akamuuliza mama yake, "Mama, na mimi je?" Mama Mhoja akaendelea kupepeta mtama wake. Jioni akajibu, "Nitakutumia. Lakini baada ya wiki tatu nakuja kumwona. Nikikuta hajakaa na wenzake, naondoka naye, na tusiliongelee tena."

Mnaelewa uzito wake? Kuku yule alikuwa ndiyo au hapana ya mama mtu. Stamili alikuwa na wiki tatu za kuthibitisha kwamba ana kwake, na shahidi wake alikuwa kuku!

Alishushwa kwenye gari la Ivuna siku ya Jumamosi, ndani ya tenga, pamoja na kifurushi cha chumvi. Jamani, kuku mzuri! Mweupe, ana madoa meusi shingoni kama kavaa shanga. Stamili akamwita Mgeni. Mimi nilikuwa na kuku wangu wanane, nikasimama nimeshika kiuno nikamtania, "Jogoo la shamba haliwiki mjini, Mama Josephat. Huyu wako atajua kuvuka barabara?" Tukacheka wote wawili, hata yeye.

Tatizo likawa alama. Uani kwetu kuku wa majirani wanaingia wanavyotaka, na hapa Tunduma kuku asiye na alama ni kitoweo cha mwenye bahati. Wangu wote nimewafunga kitambaa cha bluu mguuni. Wakati huo Stamili alikuwa anashona sare za kwaya moja ya Mlowo, satini nyekundu inayong'aa hadi inaumiza macho, na vipande vimezagaa chini ya cherehani. Nikaokota kimoja. Nikasema, tena kwa sauti ya mtaalamu, "Mfunge hiki! Ataonekana kuanzia Zambia. Hata mwewe atamkimbia."

Mtu mwingine angefunga mguuni akamaliza. Stamili ni fundi. Alisema mguuni kitachafuka. Akamlaza Mgeni mapajani, akachukua sindano, akakishonea kipande kile kwenye manyoya ya bawa, mishono mitatu, uzi mara mbili, na ncha akazikunja ndani zisichanike. Kuku akatoka kapendeza kama bibi harusi. Nilipiga vigelegele.

Siku ya kwanza Bosi alimdonoa mara mbili, na sisi tukasema ndiyo desturi, mgeni lazima akaribishwe. Siku ya tatu Mgeni alikuwa hapati punje. Akisogea kwenye sahani, Bosi anamrukia, na wengine saba wanafuata nyuma yake kama wapambe. Siku ya kumi na moja nikamkuta Stamili amepiga magoti pembeni ya choo, anamvuta Mgeni kutoka nyuma ya ndoo. Bawa lilikuwa limenyonyoka, ngozi imebaki wazi, damu inatiririka hadi mguuni.

"Mama Ikram," akaniambia, "ni Bosi wako."

Nikawaka! Nilisema kuku wangu ana adabu zake. Nilisema kuku wa bondeni hajazoea mji. Nilisema pengine kuna mtu mtaani hapa ana kijicho, kamfanyia kuku wa watu mambo. Nikataja hadi mwezi ulivyoandama. Stamili alinisikiliza mpaka mwisho, akamfunga Mgeni kwenye kanga, akatoka kwenda duka la pembejeo. Nikamfuata, maana kugombana na mtu anayekuacha unaongea peke yako ni kazi ngumu.

Dukani kuna dada anaitwa Gwalugano. Alimgeuza kuku, akamwangalia, akatoa kichupa cha dawa ya zambarau. "Mpakeni hii, inakausha kidonda na inaficha damu. Kuku wakiona damu hawaachi kudonoa," akasema. Halafu akauliza, "Mkorofi ni mmoja au wengi?"

"Mmoja ndiye anayeanza," Stamili akajibu.

"Basi msimfungie anayeonewa, mfungieni anayeonea. Siku nne. Akirudi atakuta wenzake wameshajipanga bila yeye, ubabe utampungua."

Niliona damu inanipanda kichwani. "Kuku wangu afungwe kwa kesi ya mgeni?"

Gwalugano akacheka. "Mama, kwani unamtafutia wakili?"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini niliwaza zile wiki tatu, na Stamili aliyekuwa anatembea mbele yangu amemkumbatia kuku kama mtoto mwenye homa, na nikaona aibu. Nikamkamata Bosi mwenyewe, nikamweka chini ya tenga, nikaweka tofali juu. Alinitukana kwa lugha ya kuku mpaka jua likazama.

Sasa sikilizeni ajabu yake! Siku ya kwanza bila Bosi, wakatulia kidogo. Siku ya pili, yule kuku wangu wa kahawia, mpole, ambaye hata vifaranga vinampanda kichwani, akamwendea Mgeni na kumdonoa bawa lilelile. Siku ya tatu wote saba! Bawa lilelile, upande uleule! Dawa ya zambarau imepakwa, kidonda hakionekani, na bado wanalenga palepale. Nilipiga makofi peke yangu uani. "Si nilisema! Si nilisema! Bosi kafungwa bure!" Nikaondoa tofali, nikamwachia Bosi huru, nikamwambia Stamili kwa kujigamba kwamba kikulacho ki nguoni mwako, atafute mchawi wake kwingine.

Stamili alimwingiza Mgeni ndani, akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona kola za kwaya. Zilikuwa zimebaki siku nane mama yake afike. Nilimwona anakosea mshono, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka kumi na mmoja. Anafumua kwa wembe, anarudia, anakosea tena. Kujigamba kwangu kukaniishia palepale. Nilitaka kwenda kumwambia samahani, lakini mdomo wangu unajua mambo yote isipokuwa hilo.

Kesho yake asubuhi nikiwa naosha vyombo upepo ukavuma, ule upepo wa kiangazi wa Tunduma unaobeba vumbi la malori, ukapeperusha vipande vya satini kutoka barazani kwa Stamili. Kimoja kikatua katikati ya uwanja. Bosi akainua kichwa. Akaruka! Akakibeba kwa mdomo, akakimbia, na wote wakamfukuza kumnyang'anya, wanavutana, wanakanyagana, kama kuna mtu katupa utumbo wa mbuzi. Mgeni alikuwa ndani kafungiwa. Hakukuwa na damu, hakukuwa na kidonda. Walikuwa wanapigania kitambaa kitupu.

Sufuria ilinidondoka. "Mama Josephat! Mama Josephat, njoo! Njoo uone, njoo mbio!"

Alitoka na mkasi mkononi, kadhani kuna moto. Nikamwonyesha. Akatazama, akarudi ndani, akatoka na vipande vitatu: kijani, njano, chekundu. Yule mwanamke hata katika dharura anafanya kazi kwa mpangilio! Akatupa cha kijani. Bosi akakiangalia kwa jicho moja, akaenda zake. Akatupa cha njano. Wa kahawia akakigusa, akakiacha. Akatupa chekundu. Vurugu! Manyoya yakaruka, sahani ya maji ikapinduka, Bosi akakimeza nusu na nusu ikabaki inaning'inia mdomoni.

Tukatazamana. Mgeni alikuwa anatembea uani siku zote hizo na nyama begani, nyama ya satini, imeshonwa kwa uzi mara mbili ili isidondoke. Walikuwa wanaidonoa, haitoki. Wanadonoa tena, wanang'oa unyoya. Wakang'oa unyoya, ikatoka damu, na damu nayo nyekundu. Kosa halikuwa la Bosi, wala la Mgeni. Na nani aliyekiokota kitambaa kile na kusema ataonekana kuanzia Zambia?

Niliona haya, jamani, haya ya kutaka ardhi ipasuke. "Ni mimi," nikasema. "Stamili, ni mimi. Nisamehe." Sikumwita Mama Josephat, jina lenyewe lilinitoka.

Akanitazama. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na mimi nikakaa, tukashikana mabega, tukacheka machozi yakatutoka wakati kuku wanatushangaa. "Mimi ndiye niliyekishona," akasema. "Tena nikakunja ncha!"

Lakini siku saba zilikuwa zimebaki. Akafumua mishono ile kwa wembe taratibu, mimi nimemshika Mgeni miguu. Akampaka dawa upya. Tukamweka Mgeni chini ya tenga katikati ya uwanja, ili waonane na wenzake bila kugusana. Mimi nikaweka sahani mbili za pumba, moja kila upande, ili asiwepo wa kumiliki chakula chote. Nikafunga kabeji kwa kamba ikaning'inia kwenye waya wa kuanikia nguo, ili mwenye hamu ya kudonoa adonoe kabeji. Bosi aliishughulikia kabeji ile kama ana kisasi nayo. Kila jioni tulifagia uwanja wote, tukiinama na kuokota kila kipande chekundu, hata uzi.

Siku ya nne tukainua tenga. Nilishika mwiko, sijui wa nini. Mgeni akatoka, akajikung'uta. Bosi akamsogelea, akamdonoa mara moja kichwani, ile ya kusema hapa mkubwa ni mimi. Mgeni akainamisha kichwa, akasogea pembeni, akaendelea kula. Basi! Hakuna aliyefuata. Nikarusha mwiko juu, ukadondoka juu ya bati, majirani wakauliza kuna nini. Nikawajibu, "Amani!"

Jumamosi Mama Mhoja akafika.

Ni bibi mfupi, mkavu, mgongo umenyooka. Mkono wa kulia ana fimbo. Mkono wa kushoto ana tenga tupu. Nilipoliona tenga lile nikajua ni la kuondokea na Mgeni, na Stamili aliyekuwa amepiga goti kumsalimia mama yake alibaki pale chini zaidi ya kawaida.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Kuku yuko wapi?"

Hakutaka kuingia ndani, hakutaka soda. Alikaa kwenye kigoda kivulini na kutazama. Saa nzima. Na ya pili! Stamili alikwenda barazani, akakaa kwenye cherehani na kuanza kukanyaga, maana mikono yake haijui kungoja. Mimi nilikaa karibu na bibi nikijifanya nachambua mchele, na mchele wenyewe nilishauchambua asubuhi.

Kuku wakazunguka. Mgeni alikula sahani ya huku. Akaenda ya kule. Halafu, ee Mola wangu, akaenda moja kwa moja kwenye sahani aliyokuwa akila Bosi. Nikaacha mchele. Bosi akainua shingo, kishungi kikasimama. Mgeni hakuinamisha kichwa safari hii. Alisimama, kamkazia jicho, kama mtu aliyefika zamu yake bombani na ndoo yake iko mkononi. Bosi akafikiri. Kisha akasogea nusu hatua, wakala wote wawili.

"Lile bawa," Mama Mhoja akasema. "Limepakwa nini?"

Cherehani kule barazani ikaendelea kulia. Ningeweza kusema ni mwewe. Ningeweza kusema ni waya wa fensi. Lakini niliweka ungo chini, nikamweleza yote: kitambaa, Bosi, mdomo wangu, kwaya ya Mlowo, vipande vitatu. Nikamwambia, "Mama, kosa ni langu. Mwanao hana kosa. Ukimchukua kuku huyu utakuwa umemwadhibu mtu mwingine."

Mama Mhoja akageuza fimbo yake mkononi. "Yaani mlimvisha kuku satini," akasema. "Mimi mwenyewe sijawahi kuvaa satini."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ni nani kwa Stamili?"

Niliona swali hilo ni gumu kuliko yote. Mimi ni mtu wa Kondoa, nauza vitenge sokoni, hatuna ukoo wala dini moja. "Tunaishi wote," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua lile tenga tupu, akaligeuza huku na huku, akaliweka chini ya dirisha la Stamili. "Hili likae hapa," akasema. "Akitotoa, vifaranga mvifunike kwa hili. Matundu yake madogo, mwewe hapitishi mguu."

Sikuamini masikio yangu. Nilitaka kupiga kelele lakini nilimwogopa. Yeye akatoa simu yake ndogo kwenye pindo la kanga, akainyoosha mbali na macho, akampigia mume wa Rosemary, Barnaba, mtu wa Kinyiha, kwa hiyo alisema naye Kiswahili na nikasikia kila neno. Siku zote akija Tunduma analala kwao Mpemba, na walikuwa wanamsubiri na chakula.

"Barnaba? Kuleni tu, msinisubiri," akasema. "Ndiyo. Hapana, sipo stendi. Nipo nyumbani kwa Stamili. Nitalala hapa."

Nikageuka kumtazama Stamili. Alikuwa ameinama, bado anakanyaga, kitambaa kinapita chini ya sindano kwa kasi. Nikamwendea nimshike mkono, ndipo nikaona cherehani aliyokuwa akiikanyaga muda wote ule haikuwa na uzi.